Kikitoweka angani: jinsi ya kupima dai la dimensheni nyingine

Wazo kwamba UFO (vitu vya angani visivyotambuliwa) hutoka dimensheni nyingine, yaani ulimwengu mwingine tusiouona, wala si sayari za mbali, linajulikana zaidi kupitia Jacques Vallée, mzaliwa wa Ufaransa aliyesomea elimu ya nyota. Mwaka 1990 alitoa hoja tano za kupinga asili ya sayari nyingine, na mojawapo ilikuwa kwamba vitu hivi huonekana kuchezea nafasi na wakati: hutokea ghafla, hubadili umbo, kisha havipo. Kwa kuwa dai limeegemea sana kutoweka huko, pima kutoweka kwanza. Mengine yatasubiri.

Ukiona mwanga usiouelewa, usikimbilie kamera. Sogea mpaka mwanga uonekane umegusa ukingo wa paa au nguzo, tulia hapo dakika moja. Jicho likikodolea nukta moja ya mwanga gizani, nukta huanza kuyumba baada ya sekunde chache ingawa imetulia tuli. Ripoti nyingi za "kilikuwa kinacheza" huishia kwenye nguzo hiyo. Sayari za Zuhura na Mshtarii hazitaachana nayo kwa dakika moja. Zitasogea polepole mno, karibu digrii 15 kwa saa.

Kisha pima. Nyoosha mkono: ngumi ni kama digrii 10, kidole cha mwisho ni digrii 1, na Mwezi ni nusu digrii tu (wengi hudhani ni mkubwa zaidi). Andika kimo kutoka upeo wa macho, uelekeo wa dira, na saa mpaka sekunde, mwanzoni na mwishoni. Dira ya simu hudanganya karibu na gari au mabati, hivyo jitenge hatua kadhaa. Usiandike kamwe "kilikuwa na ukubwa wa basi". Bila umbali hakuna ukubwa wala mwendo. Chukua umbali, zidisha kwa digrii, gawanya kwa 57: kitu cha nusu digrii kina upana wa mita 9 kikiwa kilomita 1, na mita 88 kikiwa kilomita 10. Mwendo ndio unaopotosha zaidi. Digrii 10 kwa sekunde, kwa umbali wa mita 100, ni kama kilomita 63 kwa saa, yaani ndege wa kawaida wa manyoya. Kwa kilomita 10 ni zaidi ya 6,000, na hapo ndipo watu huanza kutaja milango ya ulimwengu mwingine.

Umbali hupatikana mkiwa wawili. Simameni kilomita 1 mbali, mstari kati yenu ukiwa umekingama na uelekeo wa mwanga, mpigiane simu na kila mmoja aeleze mwanga uko wapi kati ya nyota kwa wakati uleule. Tofauti ya digrii 5 ina maana ya kilomita 11 hivi. Kama hamwoni tofauti yoyote, kitu kiko mbali sana, na mara nyingi hiyo ni setilaiti, sayari au nyota.

Sasa kutoweka kwenyewe. Setilaiti haina taa ya kuonekana kwa macho. Hung'aa kwa jua. Jioni, ikiingia kwenye kivuli cha Dunia, hufifia ndani ya sekunde chache katikati ya anga tupu, kwa kawaida upande wa mashariki. Alfajiri hutokea hivyohivyo, kutoka pasipo na kitu, upande wa magharibi. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilichoko kilomita 400 hivi juu, hakivuki anga kwa zaidi ya dakika 6 au 7. Ratiba za kupita kwake hutolewa bure. Zilinganishe na saa uliyoandika. Ndege inayokujia ikiwa imewasha taa za kutua huonekana imeganda dakika kadhaa, ikigeuka taa "huzimika". Subiri nusu dakika zaidi, tafuta taa nyekundu au ya kijani ya bawa.

Kubadili umbo karibu kila mara ni kazi ya lenzi. Ukivuta picha karibu mno, kamera hupoteza fokasi na nyota hugeuka sahani. Kwenye kamera ambayo tundu la lenzi lina mapanga (vibamba vinavyolipunguza) machache huwa pembetatu au almasi. Funga fokasi kwenye taa ya mbali kabla ya kurekodi, acha ukingo wa jengo uonekane kwenye fremu, na zungusha kamera kidogo: umbo likizunguka pamoja nayo, ni la lenzi.

Wapenzi wa dimensheni hupenda mfano wa mpira unaopenya karatasi: wakazi wa karatasi wangeona nukta, duara linalokua, linalopungua, kisha hakuna. Mfano ni mzuri kwa sababu unatoa kitu cha kupima. Pitia video fremu kwa fremu. Je, upana ulibadilika, au mwangaza tu? Nukta inayofifia bila kubadili upana haikupenya chochote. Udhaifu ni kwamba mpira unaweza kubadilishwa kwa umbo lolote, hivyo matokeo yoyote yanaweza kuhalalishwa. Kipimo hiki kinaweza kuondoa kesi, hakiwezi kuthibitisha. Mradi wa Blue Book wa Jeshi la Anga la Marekani, uliochunguza ripoti za UFO, ulifungwa mwaka 1969 ukiwa na ripoti 12,618, na 701 hazikutambuliwa. Ripoti yoyote huweza kukwama kwa kukosa umbali au saa kamili.

Hifadhi faili asilia. Ukiituma kwa programu za ujumbe hubanwa, fremu huharibika na saa ya kurekodiwa mara nyingi hufutika.