Huenda alikwenda: kueleza shaka juu ya yaliyopita kwa Kiajemi

Taa za jirani zimezimwa, nawe unasema "atakuwa amelala". Hukumwona akilala, umekisia tu. Kiajemi (Kifarsi) kina umbo maalumu la kauli za namna hii, liitwalo māzi-ye eltezāmi: *bāyad khābide bāshad*.

Chukua jina la kitenzi, ondoa -an ya mwisho, kisha weka -e. Raftan (kwenda) inakuwa rafte, didan (kuona) inakuwa dide, neveshtan (kuandika) inakuwa neveshte. Baada yake weka bāsham, bāshi, bāshad, bāshim, bāshid au bāshand kufuata nafsi: mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Mtu wa heshima, hata akiwa mmoja, mpe bāshid. Katika mazungumzo ya Tehran bāshad hutamkwa bāshe.

Wanaoanza hukosea kwa kushika shina la wakati uliopo. Didan ina shina bin, basi mtu anaunda "bine bāsham", neno ambalo halipo. Vurugu za vitenzi vya Kiajemi ziko kwenye shina hilo la sasa; hapa hulihitaji kabisa.

Ukanushi hukaa mbele ya neno la kwanza, si kwenye bāsham: narafte bāshad, kamwe si "rafte nabāshad". Āmade (ya āmadan, kuja) inapata y katikati: nayāmade bāshad. Kwa vitenzi vya maneno mawili, kama zang zadan (kupiga simu), na- huingia katikati: zang nazade bāshad.

Umbo hili huletwa na neno la shaka. Shāyad ni "huenda", momken ast ni "inawezekana", ba'id ast ni "si rahisi kuamini". *Shāyad kashti be bandar reside bāshad*: huenda meli imefika bandarini (ndiyo, bandari yetu imetoka huko). Ukisema *shāyad beresad*, umehamia kwenye meli ambayo bado haijafika.

Angalia fekr kardan, kufikiri. *Fekr nemikonam rafte bāshad*, sidhani kama amekwenda, inataka umbo la shaka. Lakini *fekr mikonam rafte ast*, nadhani amekwenda, haitaki, kwa sababu msemaji ameegemea upande mmoja.

Bāyad ndiyo inayowapoteza wengi. Haibadiliki kwa nafsi, na maana yake hutegemea kinachofuata. *Bāyad rafte bāshad* ni "atakuwa amekwenda". *Bāyad miraft* ni "alipaswa kwenda", na kwa kawaida msikilizaji ataelewa kwamba hakwenda. Ukikosea hapo, kukisia kwako kunageuka lawama.

Agar nayo ina mtego wake. *Agar rafte bāshad* ni "ikiwa amekwenda", hatujui. *Agar rafte bud* ni "angalikwenda" katika sharti, na inajulikana hakwenda. Mwenye -ngali- mdomoni ataishika upesi.

Dāshtan, kuwa na, ni kichwa ngumu: dāshte bāshad hutumika hata kwa sasa. *Shāyad māshin dāshte bāshad* kwa kawaida ni "huenda ana gari". Ukitaka ya zamani, ongeza ān zamān, wakati ule: *shāyad ān zamān māshin dāshte bāshad*.