Kuwakutanisha wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili: akaunti kwanza, chai baadaye

Juzi binti mmoja wa Morogoro alinipigia, anataka kuwakutanisha wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili mjini kwake. Tuliongea mpaka salio likakata. Namalizia hapa.

1. Wenzako. Wawili wanatosha: mmoja wa mlangoni, mmoja wa kuzunguka mezani. Kamati ya watu tisa itajadili fulana mpaka mwezi uishe.

2. Mahali. Maktaba au darasa la chuo. Ukumbi wa hoteli siutaki: viti vimevalishwa vitambaa, soketi ziko mbili. Beba ekstensheni yako.

3. Tangazo. Fungua ukurasa wa mkutano, weka kiungo chake kwenye ukurasa wa Jumuiya (baraza la majadiliano la Wikipedia ya Kiswahili), kisha hamia WhatsApp, maana watu wako huko. Andika kwa maneno, si bango la picha peke yake. Saa iandike hivi: "saa 4 asubuhi (10:00)". Mimi niliweka 10:00 tupu. Kaka mmoja akaja saa kumi jioni, tunapanga viti ukutani. Siku mbili kabla, mtumie kila mtu ujumbe wake. Tangazo la kundini kila mmoja hudhani anaambiwa jirani.

4. Akaunti. Hapa ndipo nilipopoteza asubuhi nzima. Wageni kumi na wanne, wai-fai moja. Sita wakajisajili vizuri. Wa saba akakataliwa, wa nane vilevile. Wikipedia hairuhusu anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, kufungua zaidi ya akaunti 6 kwa saa 24, na wote mlio kwenye wai-fai moja kwa kawaida mnaonekana anwani moja. Nikasema haya, washeni data za simu. Kumbe mitandao ya simu nayo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ya baadhi yetu ilikuwa imezuiwa kuhariri Wikipedia kwa sababu ya mharibifu wa makala tusiyemjua. Hata waliokuwa na akaunti za zamani walishindwa kuhariri.

Kwa hiyo, kila mtu ajisajili nyumbani, wiki moja kabla, akutumie jina lake la mtumiaji. Aweke na barua pepe: akisahau nywila bila barua pepe, akaunti imekwenda. Kuna watakaokuambia "nimeshafungua" kumbe bado, kwa hiyo mwombe mkabidhi mmoja (msimamizi wa Wikipedia) awe tayari siku hiyo, maana yeye kikomo cha sita hakimbani. Unaweza pia kuomba kikomo kiondolewe kwa muda kupitia Phabricator, tovuti ya kupeleka maombi ya kiufundi ya Wikipedia. Omba mapema, ukitaja tarehe na anwani ya IP ya ukumbi. Anwani hiyo utaipata ukiwa palepale, umeunganishwa na wai-fai yao, wala si kwa kumuuliza mlinzi. Na bado: modemu ikizimwa na kuwashwa, anwani huweza kubadilika, ombi lako likawa la ukumbi mwingine. Kikomo kikiondolewa, zuio la anwani iliyozuiwa haliondoki. Hilo ni ombi jingine.

5. Kazi. Makala moja fupi kwa kila watu wawili, yenye vyanzo ulivyokwisha kuvitafuta wewe.

6. Picha. Uliza kabla ya kupiga. Ukiipakia Commons, hazina ya picha zinazotumiwa na Wikipedia, yeyote duniani anaweza kuitumia, hata kibiashara. Asiyetaka, mpe yeye kamera.