Taa za breki zikigoma, usianze na balbu
Gari la zamani likikataa kuwasha taa za breki, usikimbilie kununua balbu. Zikizima upande mmoja tu, sawa, huenda balbu imeungua. Zikizima zote kwa pamoja, mara nyingi mkosaji ni fyuzi au ile swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Kama swichi ina waya mbili tu, chomoa soketi yake, unganisha matundu mawili kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi imekufa.

Zikibaki zinawaka hata gari likiwa limezimwa, chungulia pedali. Kuna kipande cha mpira au plastiki kinachobonyeza swichi, na kwa uzee humomonyoka. Ukikuta vipande vya plastiki kwenye kapeti chini ya miguu, umeshapata jibu. Ukipuuza, asubuhi betri imekwisha.

Kinachochanganya wengi (hata mafundi!) ni pale unapokanyaga breki, kisha indiketa inawaka kwa mwanga hafifu. Hapo ni ethi mbovu: umeme umekosa njia ya kurudi kwenye bodi, unapitia balbu ya jirani. Fungua nati ya waya wa ethi karibu na taa ya nyuma, sugua kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza tena.

Fyuzi ikiungua kila mara, usiweke kubwa zaidi, utachoma waya. Tafuta waya uliochubuka, hasa unapojikunja kwenye bawaba za buti.