Call of Duty: Mobile: ijue mechi unayoingia kabla hujabonyeza Start

Mpwa wangu alinipigia jioni moja, analia na Call of Duty: Mobile, ile gemu ya vita ya kwenye simu: "Anko, imenifungia." Kumbe alikuwa ameuawa sekunde za mwanzo tu, kisha akabaki kutazama wenzake wakicheza. Simu haikuwa na tatizo lolote. Aliingia aina ya mechi (modi) iitwayo Search & Destroy bila kujua, na humo ukifa, umekufa mpaka raundi iishe.

Simlaumu. Menyu ni ya Kiingereza, na hata anayekijua Kiingereza hasaidiwi sana na majina yenyewe, kwa sababu ni majina ya ukoo wa gemu za Call of Duty zilizotangulia. Search & Destroy ilikuwamo tangu Call of Duty ya kwanza, mwaka 2003. Domination ikafuata, kisha Kill Confirmed 2011, Hardpoint 2012. Gemu ya simu ilipotoka Oktoba 2019 ikayarithi kama yalivyo. Waliocheza kwenye kompyuta na PlayStation walikuwa wanayajua. Sisi tulioanzia kwenye simu tumekuta ukoo mzima na hakuna aliyetutambulisha.

Kwa hiyo achana na jina. Jiulize: tuko wangapi, nikifa narudi, na pointi zinapatikanaje?

Hatua ya 1: chagua mlango. Multiplayer ni vita vya uwanja mdogo, mara nyingi watano kwa watano, na unaingia na bunduki uliyoiandaa kwenye Loadout (seti yako ya silaha). Battle Royale ni kisiwa kizima, hadi watu 100. Unashuka kwa parachuti na kuokota silaha zilizotawanyika majumbani. Wengi huduwaa hapa: bunduki waliyoihangaikia wiki nzima hawashuki nayo. Kabla ya kuanza, chagua Solo (peke yako), Duo (wawili) au Squad (wanne). TPP ni kumwona askari wako kwa nyuma, FPP ni kuona kwa macho yake.

Hatua ya 2: angalia kama uko Ranked. Humo kila mechi inakupandisha au kukushusha daraja, kuanzia Rookie hadi Legendary. Ukiwa unajifunza, au umeme unasumbua na Wi-Fi inakatika katika, kaa mbali nayo. Daraja la Multiplayer na la Battle Royale ni vitu viwili tofauti. Anayejisifu kuwa ni Legendary, muulize kwanza ni wa wapi.

Hatua ya 3: fungua kisanduku cha modi, uondoe tiki usizozitaka. Hapa ndipo mpwa wangu alipokwama. Kisanduku kiko jirani na kitufe cha Start, na watu hukipita bila kukigusa. Kwenye mechi za kawaida unaweza kutia tiki modi kadhaa kwa pamoja; ukifanya hivyo, gemu inakuchagulia mojawapo. Yeye alitia tiki zote akidhani anafungua zawadi.

Anza na Team Deathmatch peke yake. Ukifa unarudi, na pointi ni kuua tu. Kill Confirmed inafanana nayo, ila kuua hakutoshi: aliyeuawa huangusha kibati, na lazima ukipitie ukiokote. Kibati cha mwenzako nacho kiokote, unawanyima maadui pointi. Nimewaona wadunguaji hodari wakishindwa mechi hizi kwa uvivu wa kutembea.

Domination ina vituo vitatu, A, B na C. Unasimama kwenye kituo hadi kiwe chenu, kisha kinawaletea pointi muda wote mnaokishikilia. Anayekimbiza maadui huku vituo vitupu anacheza gemu nyingine. Hardpoint ina kituo kimoja tu, nacho kinahama kila baada ya dakika moja hivi, kwa hiyo aliyewahi kituo kijacho ana faida kuliko aliyeganda kwenye cha sasa. Zote mbili unarudi ukifa.

Search & Destroy iache iwe ya mwisho. Upande mmoja unatega bomu, mwingine unalinda, na hakuna kurudi mpaka raundi mpya. Ni tamu mno ukiwa na wenzako wanaoongea kwenye maiki. Ukiwa na wageni walio kimya, utakuwa mtazamaji kama mpwa wangu.

Hatua ya 4: pakua ramani (viwanja vya mechi) mapema. Kadi ya ramani yenye alama ya mshale wa kushuka bado haimo kwenye simu yako. Ukiibonyeza kwa pupa, bando linakwenda. Pakua ukiwa na Wi-Fi, na chukua zile unazocheza tu.

Hatua ya 5: jaribu na roboti. Tafuta Practice vs AI, chagua modi usiyoielewa, cheza mechi mbili. Hakuna wa kukutukana, na daraja halishuki. Ukitoka unajua kama unarudi ukifa, na hilo ndilo la kwanza kulijua.

Kuhusu Featured, usiizoee. Ni rafu ya modi za msimu, huja na kuondoka. Zombies, modi ya kupigana na wafu wanaotembea, iliondolewa Machi 2020, halafu ikarudi baadaye kwa sura nyingine. Ukiamka ukute modi uliyoipenda haipo, usifute gemu ukaanza kupakua upya. Mpwa wangu alifanya hivyo, tena kwa bando langu.