Kulinda Nyasi Changa Zisimezwe na Mathenge

Mfugaji wa nyanda za chini za Baringo anayeotesha upya nyasi za asili kwenye ardhi iliyobaki tupu hupata wageni wa aina mbili mara mvua zinaposhika, na kosa linalomgharimu zaidi ni kuwakabili wote kwa njia moja. Kuna magugu ya msimu, kama vile mchicha mwitu na mbigili, ambayo huota kwa fujo, huchanua na kufa kabla ya mwaka kwisha. Kisha kuna mathenge, mti wenye asili ya bara la Amerika ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili wakazi wapate kuni na ardhi ipate kifuniko, ambao ukishazamisha mizizi hautishwi na panga.

Magugu ya msimu yasiguswe kwa jembe. Miche ya nyasi za kudumu, kama Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, bado haijajishikiza ardhini katika wiki za mwanzo, na anayelima kati yake huing'oa pamoja na magugu, huku akiibua mbegu nyingine za magugu zilizokuwa zimelala chini. Yanatosha kufyekwa sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, juu kidogo ya ncha za nyasi, kabla hayajakomaza mbegu, na kazi hiyo irudiwe kila yanapoanza tena kuzitia nyasi kivuli. Mafyeko yakiwa mazito yaondolewe, kwa sababu nyasi changa zikifunikwa huoza. Shamba litaonekana chafu msimu mzima, na jirani hatakosa la kusema, lakini katika kipindi hicho nyasi hujenga zaidi mizizi kuliko majani.

Mathenge ndiyo yenye kuhitaji macho. Siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, wakati udongo ungali laini, mwenye shamba apite mstari kwa mstari akiitafuta miche yake. Asiichanganye na miche ya migunga, ambayo inafaa kuachwa: jani la mathenge hugawanyika katika jozi moja hadi tatu tu za matawi, na vijani vyake ni virefu kuliko vile vidogo mno vya mgunga. Mche wenye urefu wa kidole mara nyingi huwa na mzizi mrefu kuliko shina, hivyo ushikwe chini kabisa, karibu na udongo, kisha uvutwe wima bila kuukatisha. Ukikatika juu ya ardhi utachipuka tena, na pale palipokuwa na kijiti kimoja patakuwa na kichaka. Mche uliopita umri wa kung'olewa kwa mkono uchimbwe kwa sururu, na mzizi mkuu ukatwe sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi, chini ya sehemu inayotoa machipukizi. Glavu nene si anasa, kwa kuwa miiba yake hupenya hata kandambili.

Kazi hii yote itakuwa ya bure iwapo mbegu za mathenge zitaendelea kuingia, na njia yake kuu ni tumbo la mifugo. Mbuzi na ng'ombe hupenda maganda matamu ya mti huo (katika kesi ya mwaka 2006 wakazi walimfikisha mahakamani Nairobi, kama ushahidi, mbuzi aliyepoteza meno kwa kuyala), lakini mbegu hupita tumboni zikiwa nzima, na bonge moja la kinyesi cha ng'ombe laweza kuotesha miche mingi iliyobanana. Kwa hiyo samadi ya boma isimwagwe katika shamba jipya, na uzio uzuie mifugo msimu wote wa kwanza. Baadaye, mnyama aliyetoka kwenye maganda akae bomani zaidi ya wiki moja, akilishwa nyasi, kabla ya kuingizwa.

Nyasi zikishafungana, mche wa mathenge hupata shida ya kujitokeza. Katika msimu wa pili, baada ya mbegu za nyasi kukomaa na kuvunwa, majani hukatwa kwa mundu yawe akiba ya kiangazi, na hapo ndipo mapengo huonekana. Yapandwe tena kabla ya mvua zinazofuata, kwa kuwa mathenge huanzia humo.