Uwezo wa mhusika ukisomeka njia mbili: namna ya kuamua mezani

Soma maelezo ya uwezo, jina liache. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake, toleo la tano (2014), ambalo mifano yote hapa imetoka humo, kuna uchawi wenye jina la kugusa unaompata adui aliye umbali wa futi 120. Jina ni pambo tu.

Kisha yakate maelezo vipande vipande, kila sharti peke yake. Chukua uwezo wa mwizi, mojawapo ya aina za wahusika, wa kushambulia kwa kuvizia, maana huo ndio unaovuruga meza nyingi. Unatumika mara moja kwa zamu. Silaha iwe ya wepesi, kama jambia, au ya kupiga kwa mbali, kama upinde. Halafu uwe na nafuu, yaani unarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua kubwa, au pawe na adui mwingine wa huyo unayempiga, futi 5 kutoka kwake (kama mita 1.5), mwenye uwezo wa kutenda, na wewe usiwe na kikwazo, yaani kurusha mara mbili na kuchukua ndogo.

Zamu ni ya mmoja, mzunguko ni wa wote, yaani hadi kila mmoja apate zamu yake. Mwizi aliyevizia kwenye zamu yake akipata kumpiga adui anayemkimbia, huko ni kwenye zamu ya adui, na anaweza kuvizia tena masharti yakitimia. Anayemkatalia kwa sababu "umeshatumia" amesoma mzunguko palipoandikwa zamu.

Sasa tuseme mwizi anapigana na jambazi, pambano limehamia ndani ya Mapango ya Amboni huko Tanga, mienge yote imezimika, na hakuna mwenye macho ya kuona gizani. Jambazi hamwoni mwizi, kwa hiyo mwizi anapata nafuu. Mwizi naye hamwoni jambazi, kwa hiyo ana kikwazo. Vinafutana, hata vikwazo vikiwa vitatu dhidi ya nafuu moja, na kanuni inakuhesabu kuwa huna nafuu wala kikwazo. Kama jambazi hajajificha, pale alipo panajulikana kwa sauti. Mwenzako akiwa futi 5 kutoka kwake, kuvizia kunakubalika, na mwizi wa ngazi ya 3 anaongeza dadu 2 za pande 6 kwenye madhara ya pigo. Wengi hukataa wakisema gizani huwezi kulenga shingo. Wana hoja, ila haimo kwenye maandishi.

Uwezo mahususi hushinda kanuni ya jumla pale vinapogongana tu. Maelezo yakinyamaza, rudi kwenye kanuni ya jumla. Kwa mfano, nusu zote hushushwa: 7 ukigawa kwa 2 ni 3.

Maandishi yakiwa na utata kweli, chagua tafsiri isiyoufanya uwezo wa mwingine kuwa bure. Mchezaji akitaka kumpofusha adui kwa uchawi wa mwanga wa ngazi ya 0, ambao hauna gharama, ukimruhusu umeufuta uchawi wa upofu wa ngazi ya 2, ambao mwenzake anaulipia kwa nafasi ya uchawi, yaani mojawapo ya mara chache anazoweza kuutumia kabla ya kupumzika. Jaribio la pili: je, utaikubali tafsiri hiyo hiyo zimwi litakapoitumia dhidi ya wachezaji?

Mabishano yape dakika mbili kwa saa ya simu, kisha mwongoza mchezo aamue kabla dadu haijarushwa. Uamuzi unaotolewa baada ya namba kuonekana hunuka upendeleo hata ukiwa sahihi. Uandike daftarini na tarehe, mjadala uendelee mchezo ukiisha.

Si lazima kundi la Tanga liagize kitabu kizima. Hati ya kanuni za msingi za mchezo huu, SRD 5.1, ni ya bure, na tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu kuinakili na kuisambaza. Chapisha stesheneri kurasa za mapigano na za hali kama upofu tu, kisha upigie mstari maneno "zamu" (kwa Kiingereza turn) na "mzunguko" (round) kila yanapotokea.

Na uamuzi ukimwangukia mchezaji aliyepanga zamu yake kwa tafsiri nyingine, mrudishie nafasi ya uchawi aliyoitumia na umruhusu achague kitendo kingine.