Kabla hujaondoka kwenda kusoma masta ya OT, kaa kwanza tuzungumze

Mtu akishapata barua ya kukubaliwa kusoma masta ya OT (occupational therapy, tiba ya kumsaidia mgonjwa arudi kufanya mambo yake ya kila siku) Uingereza kitu cha mwanzo anachokimbilia ni koti la baridi, anazunguka Darajani siku nzima, na mie nilifanya hivohivo nikanunua koti zito kama godoro, kumbe koti ndo rahisi kuliko vyote maana hata kule mitumba ipo tele. Nilichotakiwa kujiandaa nacho hakuna alonambia, kwamba masomo haya sehemu kubwa utayasomea kwenye vyoo na majiko ya watu. Basi nakwambia weye.

Kwanza hakikisha umeomba kozi gani. Kuna masta mbili zinafanana jina kama pacha. Moja ni ya watu ambao tayari ni maOT wanaongeza elimu tu, nyengine ni ya sie tuliotoka kwenye shahada nyengine (mie nilikuwa mwalimu wa baiolojia skuli moja Wete, Pemba), hii ni miaka 2 na ukimaliza unaomba kusajiliwa HCPC, chombo kinachosajili maOT wa kule. Ukiingia ile ya mwanzo na weye si OT utatoka na cheti kizuri cha kutundika ukutani na mgonjwa huruhusiwi kumgusa. Uliza kwa maandishi kama kozi imeidhinishwa na HCPC, usione haya. Na kama hujaamua bado, hospitali ya KCMC kule Moshi wanafundisha OT ngazi ya diploma, si lazima kila mtu aanzie Ulaya.

Jiandae pia na suali la jamaa, unakwenda kusomea nini. Wengine kwa Kiswahili wanaiita tibakazi, na hilo jina mtihani, mjomba wangu mpaka leo anadhani natafutia watu ajira. Mie nishazoea kueleza hivi: bibi kapooza mkono wa kushoto, mtu wa fiziotherapia atahangaika mkono upate nguvu, OT yeye atauliza bibi alikuwa akifanya nini na huo mkono, halafu atatafuta njia arudi kukifanya, hata kama mkono wenyewe haukurudi kama zamani. Ukiweza kulisema hilo kwa dakika moja mbele ya shangazi yako, intavyuu ya chuo nayo utaiweza.

Makaratasi sasa. Hapa ndo nilipoungua. Cheti cha kuzaliwa kinasema Abdulla, cha fomu foo kinasema Abdallah, pasi ya kusafiria ina majina mawili na cheti cha shahada kina matatu, ofisi moja inakutuma kwengine na huko wanakurudisha ulikotoka, mie ilinila karibu miezi mitatu na boti za kwenda na kurudi Unguja sizihesabu. Vitandaze vyeti vyote juu ya mkeka leo hii, uvisome herufi kwa herufi. Kipimo cha TB kwa ajili ya visa kinafanywa Dar na cheti chake kinadumu miezi 6, kwa hio usikiwahi sana wala usikicheleweshe. Chanjo ya homa ya ini aina B ni dozi 3 na ratiba yake ya kawaida ni miezi 6, utaulizwa kabla hawajakupeleka kwa wagonjwa, basi anza hapahapa Pemba mapema. Cheti cha polisi cha tabia njema nacho kitatakiwa. Pesa za kujikimu unazoonesha kwa ajili ya visa lazima zikae benki siku 28 mfululizo, zikishuka siku moja tu umeanza upya, na kuna ada ya afya ya paundi 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi ambayo inalipwa ya miaka yote kwa mpigo siku unapoomba visa, wengi inawakuta hawana habari.

Haya, sasa lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, na halina gharama. Kabla hujaondoka kaa asubuhi moja uani kwa bibi yako umtazame akikuna nazi, usimsaidie, mtazame tu. Anashukaje mpaka kwenye kibao cha mbuzi, miguu anaiweka vipi, kifuu anakishika kwa mikono miwili anakizungusha kwa kiwiko au kwa kiganja, anajuaje kwamba amekaribia gamba asije akatia weusi kwenye tui, na mwisho anainukaje, anashika nini. Halafu jiulize, bibi huyuhuyu akipooza kushoto kazi itamkwamia wapi. Chuoni wataliita hilo uchambuzi wa kitendo na watakufundisha wiki nzima kwa mfano wa kupika chai, maana hospitali za kule mgonjwa anapelekwa jikoni anaambiwa atie maji kwenye birika la umeme ajitengenezee kikombe, na OT amesimama pembeni na kalamu. Wenzangu darasani chai wameikulia, mie nilichokulia ni mbuzi na ukili, ila nilikuwa sijawahi kuvitazama hivo. Fanya vilevile kwa mtu anaeteka maji kwa ndoo, anaetumia choo cha kuchutama, anaeswali. Kulikuwa na mzee wa Kisomali kafanyiwa opareshini ya nyonga kaambiwa asikunje zaidi ya nyuzi 90, mwalimu wangu wa plasimenti (mafunzo ya vitendo kwa wagonjwa) kaandika kila kitu vizuri, kitanda, kiti, choo, lakini mzee alichokuwa akikiwaza ni sujudu na hakuna aliemuuliza. Nikamuuliza mie. Tukamfanyia mazoezi ya kuswali kwenye kiti, urefu wa kiti tukaupima kwa futi, na ile ndo siku nilioacha kujiona mgeni.

Upande wa pili wa jambo hilohilo, mgonjwa utamtazama akioga na kuvaa. Ni kipimo cha kawaida kabisa, saa moja na nusu asubuhi umesimama na mzee wa miaka 80 anahangaika na soksi na weye unatakiwa uone mkono gani unachelewa. Kwa sie tuliolelewa na mambo ya stara si jambo jepesi na nisikudanganye kwamba nililala usingizi usiku wa kuamkia siku ile. Zungumza na sheikh unaemuamini kabla, upate jibu lako mwenyewe, usije ukalitafuta mlangoni mwa bafu. Kwa wanawake, sheria ya hospitali zao ni mikono wazi kuanzia kiwiko kwenda chini unapomgusa mgonjwa, lakini mwongozo wao unaruhusu mikono ya nguo ya plastiki, ya kuvaa na kutupa, kwa mwenye sababu ya dini, hijabu haina neno, bangili na saa zinavuliwa, pete ya ndoa isio na kito inabaki. Ulizia wiki ya mwanzo kwa barua pepe, usingojee siku yenyewe. Na mbwa! Ukitembelea wagonjwa majumbani utawakuta, mkubwa kama ndama, na ana jina na anakaa kwenye kochi. Unaweza kuomba kwa adabu afungiwe chumba chengine, watu wa kule hawaudhiki, lakini useme kwenye simu kabla ya kwenda na usiseme ukiwa ushasimama kizingitini.

Plasimenti zote kwa jumla ni saa 1000, ndo kima cha chini cha shirikisho la maOT duniani, na kwa wiki ya saa 37 na nusu ni kama wiki 27 za kufanya kazi bila mshahara. Hapo ndo watu wanapokwama, maana wanafika wakitegemea kibarua cha zile saa 20 zinazoruhusiwa kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, lakini mtu aliotoka wodini saa kumi na moja jioni na ana ripoti ya kuandika kibarua cha usiku atakifanya na mwili upi. Weka akiba ya miezi ya plasimenti tokea huku. Na pahala unapopangiwa panaweza kuwa mbali, saa nzima na basi, giza asubuhi na giza jioni. Lisensi ya gari ya Tanzania inakubalika miezi 12 ya mwanzo, ibebe.

Masomo yenyewe sitayarefusha. Jifunze mkono kabla hujaenda, kuanzia kifundo mpaka vidole, mifupa 27 na neva tatu (radial, ulnar na median), nilijifunza kwa kumshika mdogo wangu kidole baada ya kidole alipokuwa akisuka ukili na yeye akinuna. Kitu kitachokusumbua ni kuandika kuhusu nafsi yako. Sie skuli tulifundishwa insha ya kisomi haina "mimi", kule wanataka useme ulihisi nini, ulikosea wapi, utafanya nini tena, asaimenti yangu ya mwanzo nilirudishiwa imeandikwa pembeni "weye uko wapi humu?". Anza kuandika daftari la kila siku hata kwa Kiswahili.

Kwenye begi tia nguo za mvua kuliko za baridi, viatu vyeusi visivyoteleza, na dawa ya karafuu ya bibi ikiwa huwezi kulala bila yake. Mbuzi usibebe. Mie niliitia kwenye begi la mkononi nikitaka niwaoneshe darasani, mlinzi wa uwanja wa ndege kaishika lile chuma kwa vidole viwili kanambia dada hii ni silaha, ikarudi Wete na kaka yangu. Chukua video tu bibi akiwa anakuna.